Nyumba Mpya, Dhana Potovu: Mambo 8 ya Kujua Kabla Hujatuma Amana

Jumamosi asubuhi, basi linawachukua kutoka katikati ya jiji, bure. Mnafika kwenye mradi, mnapewa soda na mandazi, mnaonyeshwa nyumba ya mfano. Vigae vinang'aa, jikoni kuna makabati hadi juu, kila mfereji unatoa maji. Kabla hamjarudi kwenye basi, kijana wa mauzo anakusogelea na kukwambia kwa sauti ya chini: "Zimebaki mbili tu kwa hii bei. Tuma hata elfu hamsini saa hii tukushikie."

Simu iko mkononi. Kutuma ni chini ya dakika moja.

Sisi hatuuzi nyumba wala hatujengi. Kazi yetu ni kuhakikisha pesa zako zinafika pale unapozituma. Na shida inaanzia hapo hapo, kwa sababu pesa hufika haraka kuliko karatasi. Amana inafika kwa sekunde chache, lakini kujua kama ploti iko sawa, kama jengo lina idhini na kama nyumba itaandikwa kwa jina lako ni kazi ya siku kadhaa, pengine wiki.

Wakenya wengi ni waangalifu sana wanaponunua shamba au nyumba ya zamani. Wanauliza majirani, wanatafuta chifu, wanapima hatua kwa hatua. Lakini wakiona rangi mbichi na funguo ambazo hazijawahi kutumika, wanalegeza kamba. Wanadhani upya wa jengo umewafanyia nusu ya kazi.

Katika makala haya tunapitia dhana 8 tunazozisikia sana kuhusu kununua nyumba mpya, kisha tunakueleza jinsi ya kulipa bila kujiweka hatarini. Tutatumia mfano mmoja ili hesabu zieleweke: fleti mpya ya vyumba viwili vya kulala, eneo la mjini, bei Sh4,500,000.

Dhana ya 1: "Jengo limeshasimama, kwa hivyo ardhi haina shida"

Hii ndiyo dhana yenye hasara kubwa kuliko zote. Mtu anaona ghorofa nane zimesimama, anajiambia: kama ardhi ingekuwa na kesi, wangeruhusiwaje kujenga?

Wanaojenga kwenye ardhi yenye utata wako. Novemba 2011, nyumba za Syokimau zilibomolewa kwa madai kwamba ardhi ile ilikuwa ya mamlaka ya viwanja vya ndege. Baadhi ya wenyewe walikuwa wamesimama kando, karatasi za umiliki mkononi. Oktoba 2023, kule Mavoko, tingatinga zilibomoa nyumba zilizojengwa kwenye ardhi ambayo mahakama ilisema ni ya kampuni ya saruji ya East African Portland Cement. Zilikuwemo nyumba nzuri za mawe ambazo watu walikuwa wamejinyima miaka mingi kuzijenga.

Tena mwaka huo huo wa 2023, mwezi wa Aprili, Mahakama ya Juu iliamua kesi ya kampuni ya Dina Management dhidi ya Serikali ya Kaunti ya Mombasa. Somo lake kwa mnunuzi ni hili: kama ardhi ilitolewa kinyume cha sheria pale mwanzoni, hati aliyonayo mnunuzi wa baadaye haimwokoi, hata akisema alinunua kwa nia njema.

Kwa hivyo fanya haya kabla ya kutuma chochote:

- Omba namba ya ploti ambayo mradi umejengwa juu yake. Anayekataa kuitoa, achana naye.
- Fanya "sachi", yaani upekuzi rasmi wa rekodi ya ardhi. Rekodi zilizo kwenye mfumo wa Ardhisasa hupekuliwa mtandaoni. Zilizobaki hupekuliwa kwenye ofisi ya usajili wa ardhi ya eneo hilo. Ada yake ni ndogo sana ukilinganisha na bei ya nyumba.
- Angalia jina la mmiliki. Je, ni la kampuni inayokuuzia? Kama sivyo, wana uhusiano gani, na umeandikwa wapi?
- Angalia kama kuna zuio, au kama ardhi imewekwa rehani benki.
- Mwambie wakili wako afuatilie historia ya ploti tangu ilipotolewa mara ya kwanza. Kujua mmiliki wa leo hakutoshi.

Hiyo rehani inahitaji maelezo kidogo. Kampuni nyingi zinazojenga, wale tunaowaita mastawishaji, hukopa benki na kuweka ardhi ya mradi kama dhamana. Hilo si kosa. Tatizo linakuja ikiwa umemlipa mstawishaji pesa zote na yeye hajailipa benki. Hapo benki bado ina haki juu ya ardhi iliyo chini ya nyumba yako. Dai barua ya benki inayokubali mauzo na inayosema kwamba nyumba yako itaondolewa kwenye rehani ukimaliza kulipa. Ahadi ya mdomo ya mtu wa mauzo si barua ya benki.

Dhana ya 2: "Ni mpya, kwa hivyo haiwezi kuwa na kasoro"

Rangi mpya hufunika mambo mengi: ukuta unaonyonya maji, mabomba yaliyounganishwa vibaya, nyaya za stima zilizopitishwa kwa haraka. Nyumba ya zamani angalau imeshaonyesha ugonjwa wake. Nyumba mpya haijapitia hata msimu mmoja wa mvua.

Na kasoro nyingine si za kupakwa rangi. Usiku wa tarehe 29 Aprili 2016, jengo la makazi la ghorofa sita liliporomoka Huruma, Nairobi, baada ya mvua kubwa, na zaidi ya watu 40 wakafa. Halikuwa jengo kuukuu.

Kwa hivyo uliza karatasi za jengo lenyewe, mbali na za ardhi:

- Ramani zilizoidhinishwa na kaunti. Linganisha idadi ya ghorofa zilizoidhinishwa na zile unazoziona kwa macho yako. Ghorofa mbili za ziada juu ni dalili mbaya sana.
- Usajili wa mradi na wa mkandarasi katika Mamlaka ya Kitaifa ya Ujenzi, NCA.
- Leseni ya mazingira kutoka NEMA.
- Cheti cha ukaaji kutoka kaunti. Hiki hutolewa ujenzi ukikamilika, na ndicho kinachosema jengo linafaa watu kuishi ndani. Ukiambiwa "kiko njiani", weka kwenye mkataba kwamba malipo ya mwisho yatangoja kifike.

Halafu nenda mwenyewe na fundi unayemwamini. Fungua mifereji yote kwa wakati mmoja uone nguvu ya maji inavyoshuka. Vuta maji chooni. Chomeka chaja kwenye kila soketi. Fungua na ufunge kila mlango na kila dirisha. Mwaga maji bafuni uone kama yanaelekea kwenye tundu au yanakimbilia mlangoni. Kama unaweza, rudi tena baada ya mvua. Andika kila kasoro, piga picha, na mpe mstawishaji orodha hiyo aitie sahihi.

Mikataba mingi huwa na kipindi ambacho mstawishaji anarekebisha kasoro kwa gharama yake, mara nyingi miezi 6 baada ya kukabidhiwa. Kipindi hicho kikiisha, mfereji unaovuja ni wako. Soma mkataba ujue siku zako zinaanza lini.

Dhana ya 3: "Bei ya kwenye bango ndiyo bei ya mwisho"

Bango limeandikwa Sh4,500,000, nawe umepanga Sh4,500,000 kamili. Hapo utakwama.

Kwanza kuna ushuru wa stempu, ambao mnunuzi ndiye hulipa. Mjini ni asilimia 4 na mashambani ni asilimia 2. Kwa fleti yetu ya mjini ni Sh180,000. Tena ushuru huu hukadiriwa kwa thamani atakayoitaja mthamini wa serikali. Akisema nyumba ina thamani kubwa kuliko bei uliyokubaliana, ushuru wako unapanda.

Pili, ada ya wakili wako. Uliza kiasi mapema, na upewe kwa maandishi.

Tatu, ada za usajili, ada ya mkopo ikiwa unachukua mkopo wa nyumba, na gharama ya mthamini ambaye benki itamtuma.

Nne ni zile ndogo ndogo ambazo bango halizitaji: kuunganishiwa mita ya stima na ya maji, amana ya ada ya huduma, sehemu ya kuegesha gari ikiwa inauzwa kando, mapazia, taa na tanki la akiba. Nyumba ya mfano ilikuwa na friji na taa za kuning'inia. Uliza: "Kati ya vitu ninavyoviona hapa, nitavikuta vipi kwenye nyumba yangu?" Jibu liandikwe.

Kabla ya kukubali bei, omba orodha moja ya gharama zote hadi siku ya kupata hati. Usiipokee kwa mdomo.

Dhana ya 4: "Nimelipa na nimepewa funguo, nyumba ni yangu"

Funguo zinafungua mlango tu. Mwenye nyumba ni yule aliyeandikwa kwenye rejista ya ardhi.

Kuna mambo mawili ya kujua hapa. La kwanza ni mkataba. Sheria ya Mikataba ya Kenya, kifungu cha 3(3), inataka mkataba wa kununua ardhi au nyumba uwe wa maandishi, utiwe sahihi na pande zote, na kila sahihi ishuhudiwe. Bila hivyo, ni vigumu kwenda mahakamani kudai nyumba. Tunalisema hili waziwazi kwa sababu linatugusa sisi: ujumbe wa kuthibitisha malipo kwenye simu yako ni ushahidi kwamba ulituma pesa. Hauonyeshi kwamba ulinunua nyumba. Ujumbe huo hautaji namba ya fleti, hausemi bei, wala hautaji tarehe ya kukabidhiwa.

La pili ni hati. Zamani mnunuzi wa fleti alipewa mkataba mrefu wa upangaji pamoja na hisa katika kampuni ya kusimamia jengo. Sheria ya Mali za Sehemu ya mwaka 2020 ilibadilisha hali hiyo. Sasa kila fleti inaweza kuwa na hati yake, pamoja na mgao wako katika sehemu za pamoja kama ngazi, lifti, paa na uwanja. Ukiwa na hati yako unaweza kuuza, kuweka rehani au kuwarithisha watoto bila kumwomba mstawishaji.

Kwa hivyo muulize: "Hati za sehemu zitatoka lini? Ramani ya sehemu imeshasajiliwa?" Kama jengo limekamilika miaka mitatu iliyopita na hakuna hata mwenye fleti mmoja aliyepata hati, tafuta majirani hao uwaulize kwa nini. Watakueleza zaidi ya kile kilichoandikwa kwenye brosha.

Angalia pia kama ardhi ni ya kumilikiwa daima au ya kukodi kutoka serikalini. Ploti nyingi za mjini ni za kukodi. Kama ilikodishwa kwa miaka 99 kuanzia 1980, muda wake unaisha 2079, hata kama jengo lililo juu lilipakwa rangi jana. Upya wa jengo hauongezi miaka ya ardhi.

Dhana ya 5: "Kununua ikiwa bado kwenye ramani ni bei nafuu tu, hakuna tofauti nyingine"

Ni kweli kwamba bei huwa chini ukinunua kabla nyumba haijajengwa. Punguzo hilo unapewa kwa sababu umekubali kubeba hatari. Pesa zako ndizo zinazojenga. Mradi ukikwama, pesa zako zinakwama nao.

Turudi kwenye mfano wetu. Mstawishaji anakwambia: lipa amana ya asilimia 10, yaani Sh450,000, kisha salio la Sh4,050,000 ulilipe kwa miezi 18. Hiyo ni Sh225,000 kila mwezi. Unafikiri, "Sawa, tukiunganisha mishahara yetu miwili na biashara, tutaweza."

Sasa songa mbele hadi mwezi wa kumi. Umelipa amana na awamu kumi, jumla Sh2,700,000. Hiyo ni asilimia 60 ya bei. Nenda mradini uangalie. Jengo limefika asilimia 60? Au msingi ndio kwanza umemwagwa na mlinzi anakwambia mafundi hawajaonekana tangu mwezi uliopita?

Hiyo ndiyo hatari ya kulipa kwa kalenda. Kalenda husonga hata mafundi wakilala. Jaribu kuafikiana ulipe kwa hatua za ujenzi: kiasi fulani msingi ukiisha, kingine ghorofa yako ikimwagwa slabu, kingine paa likiezekwa, na salio la maana ukikabidhiwa nyumba ikiwa na cheti cha ukaaji. Kila hatua ithibitishwe na mtaalamu wa ujenzi, na uitembelee mwenyewe.

Mkataba ujibu maswali haya matatu:

- Wakichelewa, wanakulipa nini, na kuanzia lini?
- Ukitaka kujitoa kwa sababu wamechelewa sana, unarudishiwa kiasi gani na ndani ya siku ngapi?
- Wewe ukichelewesha awamu moja, nini kinatokea?

Mara nyingi swali la tatu limejibiwa kwa ukurasa mzima, na mawili ya kwanza kwa mstari mmoja. Ukiona hivyo, bado hujafika wakati wa kutia sahihi.

Usisahau pia kuangalia kazi yao ya nyuma. Kampuni hii imewahi kumaliza mradi gani? Uko wapi? Enda huko Jumapili mchana, wapangaji wakiwa nyumbani, uzungumze na keateka.

Dhana ya 6: "Wana wakili wao, hakuna haja ya kulipa mwingine"

Wakili wa mstawishaji ni mtu mzuri na anafanya kazi yake. Kazi yake ni kumlinda mstawishaji. Mkataba ameuandika yeye, na kila kifungu amekipima kwa mizani ya mteja wake.

Tafuta wakili wako. Hakikisha ana leseni ya mwaka huu kwa kuangalia orodha ya mawakili ya Chama cha Mawakili cha Kenya, LSK. Kuna watu wanaojiita mawakili ilhali hawakuwahi kuapishwa.

Wakili pia ana faida nyingine inayohusu pesa. Katika mauzo ya kawaida, desturi ni kwamba amana ya asilimia 10 hushikwa na wakili wa muuzaji hadi mauzo yakamilike, bila kukabidhiwa muuzaji azitumie anavyotaka. Kwenye miradi ya ramani mara nyingi pesa huenda moja kwa moja kwa mstawishaji. Wakili wako ndiye anayeweza kudai zishikwe mahali salama, au angalau akueleze wazi hatari unayoibeba.

Kuhusu broka: sheria inataka mawakala wa nyumba wasajiliwe na bodi yao, EARB. Uliza namba yake ya usajili. Aliyesajiliwa hatakasirika ukimuuliza.

Dhana ya 7: "Nikishanunua, kwaheri malipo ya kila mwezi"

Kwaheri kodi ya nyumba, ndiyo. Lakini taa za ngazini zinawaka usiku kucha. Lifti inahitaji fundi. Mlinzi wa geti anataka mshahara. Takataka lazima zichukuliwe, na kisima kikikauka boza la maji lazima liitwe. Yote hayo hulipwa kwa ada ya huduma.

Chini ya ile sheria ya 2020, wenye fleti wote ni wanachama wa shirika la jengo, nalo ndilo linalosimamia sehemu za pamoja na kukusanya michango. Usipolipa, deni linakufuata, na shirika linaweza kulidai kisheria. Lina pia kanuni zake kuhusu kelele, wanyama, kuanika nguo barandani, na pengine kukodisha kwa wageni wa siku moja moja. Ikiwa mpango wako ulikuwa kuifanya fleti Airbnb, soma kanuni hizo kabla ya kununua.

Uliza ada ni kiasi gani leo, na ilipangwaje. Mstawishaji anaweza kuiweka chini wakati wa mauzo ili nyumba zionekane nafuu, kisha wenye fleti wakaipandisha wenyewe wakigundua haitoshi hata kumlipa mlinzi. Ongeza pia reti za kaunti, na kodi ya ardhi kwa ploti za kukodi.

Dhana ya 8: "Nakatwa levi ya nyumba, kwa hivyo nyumba ya serikali yangu iko tayari"

Chini ya Sheria ya Nyumba za Bei Nafuu ya 2024, mfanyakazi anakatwa asilimia 1.5 ya mshahara wake kabla ya makato, na mwajiri anaongeza kiasi hicho hicho. Wengi wanadhani hiyo ni akiba yao ya nyumba. Sivyo. Kukatwa levi hakukupi nyumba, wala hakuhesabiwi kama amana.

Anayetaka nyumba hizo hujisajili mwenyewe kwenye Boma Yangu na kuomba. Anayenunua nyumba yake ya kwanza chini ya mpango huo husamehewa ushuru wa stempu, na huo ni unafuu wa kweli. Lakini jihadhari na anayekupigia simu akisema ana "mtu wa ndani" atakayekupandisha kwenye foleni ukimtumia elfu ishirini. Huyo anataka elfu ishirini zako tu.

Sasa, tuongee kuhusu pesa zenyewe

Tuseme umefanya hayo yote. Sachi iko sawa, wakili ameridhika, mkataba umetiwa sahihi. Unalipa vipi?

1. Lipa pale mkataba unaposema. Namba ya paybill au akaunti ya benki iwe imeandikwa ndani ya mkataba. Ukipata ujumbe baadaye kwamba "akaunti yetu imebadilika", usitume. Piga simu ofisini kwa namba uliyokuwa nayo tangu mwanzo, na umjulishe wakili wako.

2. Usitume kwa laini ya mtu binafsi. Si ya broka, si ya kijana wa mauzo, si ya "mhasibu". Hata kama ni elfu tano za kushikilia nyumba.

3. Soma jina kabla ya kuweka PIN. Jina linalotokea kwenye skrini lifanane na jina la kampuni kwenye mkataba na kwenye sachi. Jina likiwa tofauti, hata kwa neno moja, ghairi kwanza, uliza baadaye.

4. Tumia namba ya nyumba yako kama namba ya akaunti. Ukilipa paybill, weka kumbukumbu waliyokupa kwa fleti yako. Hiyo ndiyo inayounganisha pesa zako na nyumba yako.

5. Panga malipo makubwa. Kikomo cha kawaida cha simu ni Sh250,000 kwa muamala mmoja na Sh500,000 kwa siku. Amana ya Sh450,000 ya mfano wetu itahitaji miamala miwili. Hifadhi ujumbe wa kila mmoja. Kwa kiasi kikubwa zaidi ya hapo, tumia benki.

6. Dai risiti rasmi kwa kila malipo. Iwe na jina lako, namba ya nyumba, kiasi na salio. Kila baada ya miezi mitatu, chukua taarifa ya akaunti yako ya simu na uilinganishe na rekodi zao. Ni rahisi kurekebisha kosa la mwezi jana kuliko la mwaka juzi.

7. Malipo ya serikali yalipe serikalini. Huduma za serikali hulipwa kupitia eCitizen, Paybill 222222, kwa namba ya kumbukumbu uliyopewa. Broka akikwambia "nitumie ushuru wa stempu nikulipie", mwambie akutumie hati ya malipo ulipe mwenyewe.

8. Ada ya kushikilia nyumba iwe na karatasi. Kabla ya kutuma, pata maandishi yanayosema: ni kiasi gani, nyumba gani, inashikiliwa hadi lini, na inarudishwa ama hairudishwi.

Ukigundua umetapeliwa, tupigie mara moja, usingoje kesho. Pesa zikiwa bado kwenye laini au akaunti zilikotumwa, kuna jambo linaloweza kujaribiwa. Zikishatolewa, sisi hatuna uwezo wa kuzirudisha. Kisha piga ripoti polisi, na usifute ujumbe wowote, hata zile jumbe za WhatsApp zinazokuudhi ukizisoma.

Kijana wa mauzo bado anangoja jibu

Turudi kwenye ile Jumamosi. Zimebaki nyumba mbili, anasema, na bei inapanda Jumatatu. Mjibu kwa adabu: "Nimeipenda. Nipe namba ya ploti, nakala ya ramani zilizoidhinishwa na rasimu ya mkataba. Wakili wangu akiziona wiki hii, nitalipa."

Kampuni safi itakupa, kwa sababu imeshawapa wengine. Nyingine itasema huna imani, au itakwambia kuna mteja mwingine mlangoni. Mwache huyo mteja mwingine anunue. Ukikosa nyumba moja kwa kungoja wiki moja, nyingine zipo. Ukituma akiba ya miaka kumi kwa dakika moja, hakuna wiki itakayotosha kuirudisha.

Shilingi ifuate karatasi, kila mara. Karatasi ikifika, sisi tuko hapa, na pesa zako zitafika kwa sekunde zile zile.